Mrija wa Jonas

Kasilda hakupenda kumtazama shemeji yake Jonas akitembea. Alitembea kama kaka yake Alois, marehemu mume wa Kasilda: bega la kushoto mbele, kichwa kimeinama, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Ila Alois alikuwa makaburini, na Jonas alikuwa hapa uani, Usevya, anakula wali.

Maumivu ya ndugu hao wawili yalikuwa yaleyale, ya kupasua kifua hadi mgongoni, katikati ya mavuno ya mpunga. Alois alichuliwa mgongo, wakasema ni uchovu wa jembe, akafa kabla jua halijazama. Miaka baadaye Jonas aliposhikwa, Kasilda ndiye aliyepiga kelele apelekwe hospitali Mpanda. Mpanda wakampeleka Dar.

"Waliingilia hapa," Jonas aliwaambia wanajumuiya kwenye sala ya shukrani, akigusa juu ya paja. "Mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo ulikuwa umevimba kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Wakapitisha mrija wa kitambaa uliokunjwa pamoja na waya wake, wakausukuma huku wanatazama kwenye televisheni yao. Ulipofika kifuani wakauachia, ukatanuka. Sasa damu inapita ndani ya mrija, ule ukuta uliochoka umepumzika."

"Bila kupasua kifua?"

"Kidonda kidogo tu. Ningewaonyesha, ila mke wangu ataona wivu."

Wakacheka. Kasilda alishika rozari, akabaki kwenye punje ileile. Mungu wangu, ungepungukiwa nini kama mtu mmoja angepiga kelele siku ile ya Alois pia?

Pelagia, mke wa Jonas, akasimama. "Mume wangu amepona kabisa! Nyie ndio mashahidi!" Vigelegele vikapigwa.

Wiki iliyofuata Kasilda alikwenda kuwasaidia kupepeta. Kopo la vidonge vya presha, ambalo Jonas alikuwa analishika kila asubuhi kabla ya chai, lilikuwa limejaa mbegu za mchicha.

"Na dawa?"

"Dada, mtu ameshashuhudia mbele za watu kwamba amepona," Pelagia alisema. "Akionekana anameza vidonge, si tutakuwa tumemfanya Mungu mwongo?"

Kasilda alijikung'uta pumba. Jonas mwenyewe aliporudi kutoka Dar alikuwa amesimulia masharti: vidonge kila siku, asibebe mizigo mizito, arudi kupigwa picha waone kama mrija umekaa pale pale. Kasilda akashika njia ya kwake. Njiani wazo likamjia, tamu kama asali ya Inyonga: Pelagia kavaa nguo nyeusi, kakaa naye benchi la wajane, hana wa kumpakulia. Utamu wake ndio uliomtisha. Akageuza njia, akamrudia Pelagia.

"Mama Wema, sasa hivi nimetamani uwe mjane."

Ungo ukasimama mikononi mwa Pelagia.

"Nilikuona umekaa na mimi kanisani, nikafurahi."

"Dada! Una nini wewe?"

"Nina wivu. Ninao tangu aliposhuka kwenye basi, Mungu anajua. Lakini usinipe kwa mkono wako hicho ninachokitamani. Ule mrija ni wa nani?"

"Wa Mungu. Kwa mikono ya madaktari."

"Na vidonge vilivyotolewa na mikono hiyohiyo, ni vya shetani?"

Pelagia aliweka ungo chini. Nje baiskeli ya Jonas ililia, wakachungulia. Jonas alikuwa ameinamia gunia la mpunga, amelikumbatia tayari kulinyanyua.

"Liache!" Pelagia alipiga ukelele. "Baba Wema, liache hapohapo!"

Akakimbilia chumbani, akavitoa vidonge chini ya nguo zake za kanisani. Jonas alimeza kimoja mbele yao, kichwa kimeinama kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Na jumuiya tutawaambia nini?" akauliza.

"Utashuhudia tena," Kasilda alisema. "Na kopo ulishike mkononi."

Kasilda alipofika njia panda, Pelagia akamwita. "Dada! Uwe unakuja asubuhi umsimamie anapomeza. Mimi akinibembeleza nitalegea."

Kasilda alisimama. Kila asubuhi, basi, amtazame akitoka mlangoni, bega la kushoto mbele.

"Nitakuja," akasema, wivu wake bado umemkaa kifuani. "Chai iwe na maziwa."