Chumba cha Chini

Nikutegee kimoja kabla pasi haijapata moto: ni chumba gani ambacho wote waliolala humo walikuwa wapita njia, na bado hakijawahi kuwa kitupu hata siku moja? Usijikune kichwa, wala sitakudai mji. Nitakitegua mwenyewe, maana si cha kumwachia mtu alale nacho.

Ni chumba cha chini, mkono wa kulia ukiingia, katika ile nyumba ya ghorofa mbili yenye kibao cha shaba ukutani. Kibao kinasema nyumba ilijengwa lini na nani, na kwamba ni marufuku kuigusa. Walioishi ndani hakiwataji. Mtaa mzima ulikuwa hivyo: nyumba kuukuu za madirisha ya mbao na kuta nene, zimebanwa katikati ya vyuo vitatu, na wapangaji wake karibu wote ni wanafunzi. Chumba cha chini hakikuwahi kusubiri dalali. Mwanafunzi akimaliza masomo humkabidhi ufunguo amtakaye, godoro lingali na joto lake. Mwenye nyumba, ambaye aliishi mbali, alipata habari muhula ukishaanza, akatikisa kichwa, akaandika jina jipya. Chumba kilirithiwa kama pete.

Juu kabisa, chini ya paa, waliishi Mama Pasi na mumewe, Fundi Saa. Jina la Mama Pasi alipewa na wanafunzi, kwa kuwa miaka ishirini alikuwa amesimama mezani chini ya ngazi, na pasi yake ya mkaa, akinyoosha mashati ya watu waliokuja kuwa mahakimu na madaktari. Mtoto hawakujaliwa. Mumewe alitengeneza saa kwenye kibanda karibu na lango la chuo, hadi kiharusi kilipompiga. Mzee aliyefufua saa za watu, yake mwenyewe ikasimama upande mmoja: mkono wa kulia, mguu wa kulia, na nusu ya mdomo. Maneno aliyabakiza, lakini yalitoka polepole, kama mtu anayetoa mchanga kiatuni.

Toka mlangoni hadi kitandani kwake palikuwa na vidato thelathini na vinne, vyembamba, vimelika katikati. Tangu arudi kutoka hospitali, Fundi Saa hakuwa ameshuka.

Mama Pasi alikuwa amejaribu. Alipigilia misumari ukutani, akafunga kamba ndefu ya kushikia. Wiki ya pili akaja bwana mmoja wa Idara ya Mambo ya Kale, kamera shingoni.

"Nani katoboa ukuta huu?"

"Mimi, mwanangu. Mume wangu mgonjwa, anahitaji pa kushika."

"Mama, ukuta huu ni urithi wa taifa. Umo kwenye orodha."

"Na mume wangu je?"

"Mume wako hayumo kwenye orodha," alisema yule bwana, bila ubaya wowote, akapiga picha matundu. Kamba ikafunguliwa siku ileile.

Kisha akaja dada wa mazoezi kutoka hospitali. Alipanda, akahema, akaukunja mguu wa mzee na kuukunjua, akamvuta Mama Pasi pembeni.

"Mama, huyu anataka kutembea kila siku, asubuhi na jioni, kwenye sakafu tambarare, atoke nje, aone jua. Humu atageukia wapi? Kichwa kinagonga paa. Nikiupa mguu huu miezi mitatu nimeupendelea. Baada ya hapo utakuwa mguu wa kuvalishwa soksi."

Miezi mitatu. Mama Pasi alishuka, akasimama mezani, akakitazama kile chumba cha chini. Kina sakafu ya saruji, na kizingiti kifupi, na ukikivuka tu uko kwenye jua. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumjibu zamani: "Kikiwa kitupu, kichukue." Lakini kitakuwaje kitupu?

Aliyekaa humo wakati ule alikuwa kijana mrefu wa mwaka wa tatu, anayesomea sheria, ndiyo maana wote walimwita Wakili. Alibishana na kila kitu. Akileta shati lenye doa la mchuzi alisema, "Mama, mteja wangu anakana shtaka."

"Mteja wako kakamatwa na kidhibiti."

"Tunaomba dhamana hadi kesho asubuhi."

Kila Jumapili alipanda kumsalimia Fundi Saa, akamsomea gazeti, wakamcheka waziri huyu na yule. Hali ya mzee aliijua. Mwenyewe alikuwa amesema: "Mama, umenibakia mwaka mmoja tu. Siku nikivaa joho, ufunguo huu nakuvisha shingoni kama medali. Mzee ashuke." Mama Pasi akacheka, akashukuru, akapanda juu. Mwaka mmoja, na mguu umepewa miezi mitatu.

Utauliza, kwa nini hakumwambia tubadilishane? Ndiyo, waliosikia habari hii wote wameuliza. Lakini nyumba ile ilikuwa na adabu moja ambayo haikuandikwa popote, nayo ilishikwa kuliko kibao cha shaba: humwombi mtu chumba chake naye yumo. Ni sawa na kumpima mtu sanda angali anakunywa chai. Unangoja amalize, naye akukumbuke. Mara tatu Mama Pasi alifika mlangoni kwa Wakili na neno hilo, na mara tatu akaishia kuuliza kama kuna nguo chafu.

Muhula ulipokwisha, Wakili akaanguka somo moja. Sheria ya ardhi.

"Nyumba zote hizi nilizozungukwa nazo," alisema, kichwa mikononi, "na mimi naanguka ardhi!"

"Si utarudia?"

"Narudia Alhamisi. Nikishinda, naingia mwaka wa mwisho. Nikikosa, mama, ndiyo basi, wananiondoa chuoni. Narudi kwa baba kukamua ng'ombe."

Hapo ndipo, sitaki kuficha, kitu kiligeuka kifuani mwa Mama Pasi. Hakukiita jina. Alikifunika kama mtu anavyofunika sufuria.

Jumapili Wakili akashikwa na homa. Jumatatu asubuhi akajikokota kwenda zahanati. Simu yake ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka. Saa nne akaingia binti mmoja wa darasa lake, yule wa miwani, begi mgongoni, anahema.

"Shikamoo mama. Wakili yupo?"

"Marahaba. Kaenda zahanati, homa imemlaza."

"Jamani! Na simu haipatikani. Mama, mwambie hivi: mtihani haupo Alhamisi tena. Ni kesho Jumanne, saa mbili asubuhi, ukumbi uleule. Tangazo limebandikwa sasa hivi. Mimi basi langu la kwenda nyumbani linaondoka. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Usisahau, mama yangu. Ule haurudiwi."

"Binti, nina nguo za watu thelathini hapa, na sijawahi kuchanganya hata soksi. Nitasahau neno moja?"

Binti akacheka, akakimbia. Na wakati ule Mama Pasi alikusudia kusema. Hata akiulizwa siku ya hukumu ataapa hivyo.

Wakili alirudi saa sita, macho mekundu, akaanguka kitandani. Mama Pasi akapanda kumpikia uji. Juu alimkuta mumewe sakafuni. Alikuwa amejaribu kusimama peke yake, mguu ukamsaliti, na sasa amelala shavu juu ya mbao, ametulia, kama mtu anayesubiri zamu. Kumwinua kulichukua muda mrefu. Alikuwa mzito, na walipofika ukingo wa kitanda wote wawili walikuwa wanatetemeka.

"Niache tu huku chini," mzee alisema. "Angalau… nimeshuka."

Ilikuwa mzaha. Mama Pasi hakuucheka. Alikoroga uji, akateremka. Alikuwa amepanda na neno mdomoni. Alishuka nalo tumboni.

"Wakili."

"Naam, mama."

Akasimama na bakuli. Kijana alimtazama, jasho likimtiririka, akisubiri.

"Uji una sukari ya kutosha?"

"Imezidi, mama. Utanifungulia kesi ya kisukari."

Jioni ile homa ilipotulia kidogo Wakili alipanda kumsalimia mzee aliyemkosa Jumapili, na Jumanne aliamka na nafuu. Saa moja na nusu alitoa kiti chake, akakaa kwenye kizingiti akiota jua, kitabu magotini, akaanza kujisomea kwa sauti kwa ajili ya Alhamisi. Hatua nne nyuma yake Mama Pasi alikuwa mezani, anapuliza mkaa.

Kengele ya chuo ikalia saa mbili. Kutoka pale hadi ukumbini ni mwendo wa dakika kumi, na Wakili mwenyewe aliwahi kumwambia kwamba aliyechelewa nusu saa bado huruhusiwa kuingia. Mama Pasi alilijua hilo. Akanyoosha kola ya shati. Akanyoosha mikono.

"Mpangaji," Wakili alikuwa anasoma, "ana haki ya kukaa kwa utulivu katika pango lake bila kubughudhiwa. Umesikia mama? Hata mimi na wewe tumo humu."

"Nimesikia."

Ilibaki robo saa ya kumwambia akawahi. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni kikohozi. Zikabaki dakika tano. Harufu ikapanda, akatazama chini, akakuta pasi imetulia juu ya mgongo wa shati jeupe, na pamebaki alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Miaka ishirini hakuwa ameunguza nguo ya mtu.

"Mama! Leo umelala?" Wakili aligeuka, akacheka. "La nani hilo? Nitakutetea bure."

Lilikuwa lake.

Alhamisi alitoka amevaa vizuri, kalamu mbili mfukoni. Hakukaa nusu saa akarudi. Alisimama ujiani kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Umefanyika juzi," alisema. "Mlinzi ndiye aliyeniambia. Mlinzi! Nimekwenda ofisini, karani ananiambia tangazo lilikuwa ubaoni, na ubao haubishani na mtu. Nikamwonyesha cheti cha zahanati, akasema ni cha Jumatatu, mtihani ulikuwa Jumanne. Jumanne ulikuwa mzima, anasema." Akaketi kwenye kidato cha kwanza cha ngazi. "Na ni kweli, nilikuwa mzima. Nilikuwa pale mlangoni, nasoma." Kisha akainua macho. "Mama, hakuna mtu aliyekuja kuniulizia?"

"Hakuna," alisema Mama Pasi.

Sasa likawa si neno lililonyamaziwa tena. Likawa uongo kamili, wenye miguu yake.

Ijumaa Wakili aliichukua simu yake kwa fundi. Siku nzima hakuonekana. Jumamosi asubuhi alikuja na rafiki zake wawili, akapanda moja kwa moja hadi juu, akasema, "Mzee, leo tunashuka." Wakamkalisha Fundi Saa kwenye kiti, wakamfunga shuka kifuani. Wakili akashika miguu ya mbele, akashuka kinyumenyume, mgongo ukisugua ule ukuta wa taifa.

"Mzee, wewe ni mzito kuliko sheria ya ardhi," alisema walipofika katikati. Rafiki zake wakacheka. Mzee hakucheka. Alikuwa amefumba macho.

Chumba kilikuwa kimefagiwa. Godoro lake Wakili aliliacha, na taa, na ndoo. Walipomlaza mzee, rafiki wakatoka na sanduku. Wakili akasimama na Mama Pasi kizingitini, akamtia ufunguo kiganjani. Ule wa kuvishwa shingoni kama medali ulikuwa mzaha wa zamani.

"Yule wa miwani amenipigia," alisema.

Mama Pasi akaikunja mikono yake juu ya ufunguo.

"Mama, ungeniomba tu tubadilishane," Wakili alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, na hapo ndipo ilipouma. "Ningehamia juu siku ileile. Mimi miguu ninayo."

Akavuka barabara, akawapokea wenzake upande mmoja wa sanduku, wakakata kona. Hakuaga kwa mkono.

Alipoingia ndani alimkuta mumewe anatazama mlango.

"Kajua?" mzee aliuliza.

"Kajua nini?"

"Binti alisimama… chini ya ngazi. Anasema kwa sauti kubwa. Nilisikia. Kesho, saa mbili."

Mama Pasi akakaa kwenye ukingo wa godoro la mtu. "Na kijana alipopanda kukusalimia Jumatatu jioni?"

"Nikamwambia… apone haraka."

"Wewe! Kwa nini hukumwambia? Wewe ulikuwa huna haja ya kuniuliza mimi!"

Fundi Saa alikusanya maneno upande mmoja wa mdomo.

"Na mimi," alisema, "nilitaka kushuka."

Hawakulizungumza tena. Wangelizungumzaje, nani amlaumu nani? Walikula, wakafua, wakaamka. Wanafunzi walipita mlangoni kwenda vyuoni, na wale waliozoea kudondosha mashati mezani na utani juu yake walipita na mashati yao. Habari za nyumba zile hazina haja ya ubao.

Jumatatu dada wa mazoezi alikuja, akafurahi hata kabla ya kuvua viatu. "Hapa sasa! Hiki ndicho chumba nilichokuwa nakililia!" Akamkalisha mzee kwenye jua, akapiga goti mbele yake. "Haya, baba. Inua kisigino."

Kisigino kikakaa. Kisha kikainuka, kidogo sana, unene wa kidole, kikatua.

"Tena!"

Kikainuka tena, na safari hii kikadumu. Machozi yalimtoka Fundi Saa, yakashuka upande mmoja kuliko mwingine. Dada akapiga makofi peke yake.

"Mama Pasi! Mama Pasi, njoo uone! Mguu umerudi! Mbona umesimama huko?"

Mama Pasi alikuwa mezani chini ya ngazi, mgongo amewapa. Pasi ilikuwa imepoa tangu asubuhi, naye alikuwa anaipitisha tu juu ya meza tupu, mbele na nyuma.

"Nimeona," alisema, wala hakugeuka.