Kipande Kisichokatika

"Mbona mwanangu anatoka?" Mama mkwe wa bi harusi aligonga skrini kwa kidole mpaka ikabaki alama. "Harusi ni yake, halafu wewe unamtoa nje kama mtu aliyekuja bila kualikwa!"

Fundi wa kuhariri video za harusi aliitazama skrini kwa macho yaliyokuwa mekundu tangu asubuhi. Ni kweli. Picha ya bwana harusi ilianza katikati, ikanywea, ikateleza kushoto na kupotea, huku ya bi harusi ikikua na kujaza nafasi yote. Aliitengeneza hivyo yeye mwenyewe, na akaiona tamu. Lakini utamu wa fundi na utamu wa mama mkwe haupikwi chungu kimoja.

"Sawa, mama. Nitageuza mwendo. Badala ya kutoka, aingie."

"Aingie! Tena kwa heshima zake."

"Sawa, mama."

Neno hilo ndilo lililomlisha miaka yote. Vijana wa chumba cha mbele walimwita Babu Sawa, naye aliwaitikia, sawa. Alikuwa amehariri harusi za watu hadi shingo ikapinda upande wa kipanya. Ya binti yake tu ndiyo hakuiona. Siku ile alikuwa amebeba kamera kwenye sherehe ya watu wengine, na aliporudi nyumbani alikuta kitanda cha binti kimetandikwa vizuri, kama cha hoteli. Na sasa bosi, kijana aliyerithi studio kwa baba yake, alikuwa amemwambia juzi, kwa ule upole unaouma kuliko matusi: "Mzee wangu, lalamiko moja tu tena, nitakuomba ukapumzike." Kupumzika! Kwa uchovu aliokuwa nao, angelikumbatia neno hilo na kulibusu, kama tu lingekuja na mshahara.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa bi harusi mwenyewe, miezi michache ndani ya ndoa, mikono juu ya magoti. Alikuwa amekaa kama mgeni anayesubiri kukaribishwa kiti.

Kugeuza mwendo wa picha si kazi kubwa. Chini ya kila picha inayotembea kuna nukta ndogo ndogo, na fundi huyu aliziita vituo. Kituo cha kwanza huiambia picha ianzie wapi, cha mwisho huiambia iishie wapi. Unavishika vyote kwa pamoja, unaviamuru vigeuke, na aliyekuwa anaondoka anakuja. Lakini kila kipande kina mstari wake kwenye skrini, na jicho lililochoka halioni mistari, linaona ukungu. Mkono wa fundi ulishuka mstari mmoja chini, na badala ya vituo vya picha ukageuza kipande kizima cha video kilichofuata.

"Tayari, mama. Tazama."

Bwana harusi akatoka vilevile. Na kabla mama yake hajafungua mdomo, bi harusi akaonekana akishuka garini kinyumenyume, pindo la gauni likimtangulia. Machozi yalipanda mashavuni, tone baada ya tone, yakaingia machoni na kwisha. Wapambe walirudi nyuma wakikusanya maua yaliyoruka yenyewe kutoka chini hadi mikononi mwao. Penye kizingiti, mwanamke mwembamba aliyeegemea fimbo alifungua mikono, na bi harusi akarudi kwa mgongo mpaka karibu naye, akageuka, akazama kifuani pake.

"Simamisha! Simamisha, nakwambia! Unamrudisha kwao?"

Fundi akabonyeza. Kwenye kiti cha pembeni mtu akacheka, kicheko kifupi kilichozibwa haraka kwa kiganja.

"Na wewe unacheka nini?" mama mkwe aliuliza.

"Nimekohoa, mama."

"Kikohozi chenye meno hicho."

Fundi aliomba radhi mara mbili, ya pili kwa ajili ya lile lalamiko aliloliona linakuja. Akasogeza uso karibu na skrini, akapanda mstari mmoja juu, akavishika vituo vyenyewe. Akavigeuza. Safari hii bwana harusi alitokea kushoto. Na kwa kuwa mwendo wote uligeuka, hata kasi yake iligeuka. Mwanzo alikuwa akianza taratibu kisha akatoroka mbio. Sasa alikuja mbio, akapunguza, akatulia katikati kama mtu aliyekumbuka adabu mlangoni.

Mama mkwe akalainika kama aliyepakwa mafuta. "Ehee! Huyo ndiye mwanangu." Kisha akanyoosha kidole. "Hicho kinachofuata, cha kulialia pale mlangoni, usihangaike kukirekebisha. Kikate. Watu watasema tulimteka."

"Mama," bi harusi alisema, sauti ikitoka kama imeombewa ruhusa. "Mama yangu anaonekana hapo tu. Ukumbini hakuweza kufika. Anaumwa, unajua."

"Mama yako tunamjua sote, hahitaji sinema. Fundi, kata."

"Sawa, ma..."

Neno likakwama. Fundi alikitazama kidole chake juu ya kipanya, kidole kilichokata mashangazi waliolewa pombe, wajomba waliosinzia, hotuba ndefu za wenyeviti, bila kuuliza. Akakiinua.

"Hakikatiki, mama."

"Hakikatiki vipi?"

"Kimeshikana na picha ya mwanao. Nikikitoa, vituo vinarudi vilivyokuwa. Bwana harusi atatoka tena."

Ulikuwa uongo mtupu, hata chumvi haukutiwa. Mama mkwe alimtazama mwanawe aliyetulia katikati ya skrini, akaitazama kompyuta kama anayeitafutia mahali pa kuichapa kofi.

"Mashine gani hii isiyojua kukata? Mwenye studio yuko wapi?"

Akatoka. Ofisi ya bosi ilitenganishwa na chumba hicho kwa ubao mwembamba tu, na fundi alisikia kila neno, pamoja na jina lake likipita katikati ya maneno hayo. Bosi, huyo, ufundi aliujua vizuri. Alikulia humo humo.

"Mzee!" bosi aliita kutoka upande wa pili. "Eti kuna kipande hakikatiki?"

Fundi alifuta jasho la kiganja kwenye suruali.

"Hakikatiki, bosi."

Kiti cha bosi kililia, kama mtu amejiegemeza nyuma kufikiri.

Bi harusi alisogeza kiti chake karibu. "Baba," alinong'ona, "ile ya kinyumenyume umeshaifuta?"

"Bado."

"Niliona nusu."

Fundi alizima sauti, akaachia kipande kitembee kutoka pale kiliposimamishwa. Mama na binti waliachana taratibu, wakatazamana, midomo ikisema maneno yasiyosikika. Binti akavuka kizingiti kwa mgongo, akaingia gizani mwa nyumba. Mama akamfuata, fimbo ikitangulia kuinuka kabla haijagusa chini. Mlango ukajifunga nyuma yao. Uwanja ukabaki mtupu, na kwenye dirisha pazia likatikisika kidogo, likatulia. Picha ikaganda hapo.

"Twende, wewe!" mama mkwe aliita kutoka koridoni.

Hakuna aliyeinuka. Fundi aliuweka mkono mapajani, mbali na kipanya, na wote wawili wakaendelea kuutazama mlango uliofungwa.