Hesabu za Jumanne

Darasa langu la sita lilikwenda kwa ratiba, na ratiba niliipanga mimi. Jumatatu imla. Jumanne hesabu mpya. Jumatano na Alhamisi mazoezi. Ijumaa jaribio la maswali kumi, na matokeo ubaoni kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Tangu niwapokee wakiwa darasa la nne, hakuna darasa lililotupita kwa hesabu. Waliniita Pilipili, nami sikujali. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi sikuwalea kwa kubembeleza.

Kwa hiyo mwalimu mkuu aliponiambia, "Jumanne baada ya wiki mbili nitakuja na walimu wenzako, tukae nyuma tuone njia yako," nilitoka ofisini kichwa juu.

Ijumaa hiyo jaribio lilikuwa la kujumlisha sehemu. Kati ya watoto arobaini na sita, thelathini na tisa walifeli. Mmoja alijumlisha nusu na theluthi akapata mbili juu ya tano, tena akalipigia jibu mistari miwili kwa rula! Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Wao wakanitazama tu, kama watu wanaosubiri mvua ipite. Wiki ile nzima aliyekosekana ni msichana mmoja, ambaye wenzake humwita Taratibu kwa jinsi anavyoongea. Alikuwa nyumbani na tetekuwanga. Sikuona uhusiano wowote.

Alirudi Jumatano iliyofuata. Wakati wa mapumziko nilikwenda darasani kuchukua miwani yangu, na uwanjani sikumwona hata mtoto wangu mmoja. Wote walikuwa ndani, wamebanana kwenye dawati la Taratibu, wengine wamesimama juu ya mabenchi. Yeye alikuwa anakunja karatasi.

"Hii nusu, hii theluthi. Vipande vinalingana?"

"Havilingani."

"Sasa tutavihesabuje pamoja? Tuvikate vilingane kwanza."

"Mimi bado," akasema mmoja.

"Haya, sogea. Wapi pamekushinda?"

Waliponiona walitawanyika wote, mwingine akapitia dirishani. Nikambakiza Taratibu.

"Haya mmeanza lini?"

"Tangu utupokee, Mwalimu. Kila Jumatano."

"Kwa nini hawaniulizi mimi?"

Akakuna kovu mkononi, akafikiri. Mtoto huyu hana haraka hata ukimsimamia.

"Mwalimu, mtu akikuuliza unamsimamisha, halafu unamuuliza alikuwa wapi wakati unafundisha. Sasa nani atauliza?"

Nilimwambia aende akacheze. Hasira ilikuja kwanza, ikaondoka. Aibu ilipokuja ikakaa.

Jumanne walimu wakaja, mkuu akiwa mbele, madaftari mapajani. Nilijua ningeweza kupita salama. Taratibu alikuwepo, kesho yake angewaelewesha, Ijumaa wangefaulu, na mimi ningeendelea kusifiwa. Nilifundisha kutoa sehemu, nikamaliza, nikaweka chaki chini. Kisha nikavuta kiti, nikaketi mbele yao.

"Nani hajaelewa?"

Mkuu akatabasamu, akaandika kitu.

"Nasubiri," nikasema. "Leo simsimamishi mtu."

Wakamtazama Taratibu. Taratibu akatazama dawati lake. Mwishowe mkono mmoja ukanyanyuka karibu na dirisha, ukashuka, ukanyanyuka tena.

"Mimi, Mwalimu."

Yale maneno yangu ya siku zote yalinifika mdomoni, nikayameza.

"Haya. Wapi pamekushinda?"

Akageuka kuwatazama walimu, akanirudia mimi.

"Tangu muhula wa kwanza."

Huko nyuma mwalimu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Uso ulinichoma. Mikono mingine ikaanza kunyanyuka, mmoja baada ya mwingine. Nilifika ishirini na mbili nikaacha kuhesabu.