Mkono wa Mfamasia

Kila asubuhi, kabla dirisha la dawa halijafunguliwa, mfagiaji alipangusa meza, akaokota vibandiko vilivyodondoka, kisha akaufuta mkono wa mfamasia kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Siku za Ijumaa aliukata kucha. Mkono ulitulia tuli, maana mfagiaji alikuwa na mkasi butu na hakupenda usumbufu.

Ulikuwa mkono wa kulia, umeishia kwenye pindo la shati jeupe lenye kifungo. Mfamasia mwenyewe alikuwa dukani kwake, upande wa pili wa mji, akiuza dawa kwa mkono wa kushoto. Sheria ilitaka mfamasia awepo hospitalini kila dawa inapotoka, naye hakuwa mtu wa kuvunja sheria, ndiyo maana aliuacha mkono. Mkaguzi alipokuja aliuliza, "Mfamasia yupo?" Mkono ukanyoosha vidole, wakasalimiana vizuri, akaandika kwamba yupo, akaenda zake.

Kazi yote iliyobaki ilimwangukia msaidizi wa mfamasia, ambaye kina mama walimwita Dada Kijiko kwa sababu hakumwachia mtu dawa ya maji mpaka aonyeshe kwanza atakavyoipima. Alisoma cheti cha daktari, akashusha chupa, akapima, akabandika maelezo. Chuoni walimfundisha kwamba aliyepima hajikagui mwenyewe. Lazima macho mengine yapitie kazi yake kabla haijafika dirishani. Basi kila chupa aliiweka mbele ya mkono. Mkono uliipapasa kidogo, ukatia sahihi kwenye kibandiko. Haukuwahi kurudisha hata chupa moja, na jambo hilo lilimkosesha Dada Kijiko raha.

"Siku nikikosea, nani ataniona?" alimwuliza mfagiaji.

"Wewe hukosei, dada. Hata mwanangu nakuletea wewe tu."

Mwanawe alikuwa na degedege. Alikuwa na miaka mitatu, na kila akifika pale dirishani alidai asalimiane na mkono kwanza.

Mzigo mpya wa dawa ya degedege uliingia asubuhi yenye foleni ya kutoka dirishani hadi getini. Chupa zilikuwa zilezile, rangi ileile, kifuniko kilekile. Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, iliandikwa kwamba dawa hii ina nguvu mara nne ya ile ya zamani. Dada Kijiko alimpimia mtoto wa mfagiaji kama alivyozoea. Aliiweka chupa mbele ya mkono, nao ukaipapasa, ukatia sahihi. Mfagiaji akaifunga kwenye khanga yake, akarudi kwenye deki.

Jioni, alipokuwa akipanga rafu, Dada Kijiko alisoma zile herufi. Alikimbia mpaka kwa mfagiaji bila kuvua koti la kazi. Majirani walikuwa tayari wamekaa nje.

"Alilala tu," mfagiaji alimwambia. "Hakusumbua hata kidogo."

Dada Kijiko alivua koti la kazi, akalikunja. Alikaa chini na wengine akalia, na aibu ilimwuma kuliko huzuni.

Kesho yake alikwenda kwa daktari mkuu akaeleza kila kitu.

"Chupa ilikuwa na sahihi?" daktari aliuliza.

"Ilikuwa nayo."

"Basi ilikaguliwa."

"Daktari, mkono hauna macho."

Daktari mkuu alifikiri kwa utulivu kabisa, kama mtu anayefikiria bei ya mapazia. "Sheria inasema awepo," alisema. "Macho haikuyataja."

Mfagiaji alirudi kazini baada ya matanga. Alipangusa meza, akaokota vibandiko. Dada Kijiko alifunga mlango, akasimama mbele yake.

"Mama, ni mimi. Dawa ilikuwa kali, sikusoma. Mimi ndiye niliyempimia."

Mfagiaji aliweka kitambaa chini. "Na aliyekagua?"

Mkono ulijiinua. Ulitembea kwa vidole juu ya meza, ukapita chupa na vijiko, ukamfikia mfagiaji, ukajinyoosha kumpa pole. Mfagiaji aliupokea kwa mikono yake yote miwili, kama unavyopaswa kupokewa mkono wa msiba. Ulikuwa na joto. Kisha akauweka mezani taratibu, akachukua ndoo yake, akatoka.

Nje watu walikuwa wameshaanza kugonga kioo. Dada Kijiko alifungua dirisha, akasoma cheti cha kwanza mara mbili, akapima, akasoma tena peke yake. Halafu akaiweka chupa mbele ya mkono, nao ukatia sahihi.

Bado uko pale. Ila kucha zimekuwa ndefu sasa, zinakwaruza karatasi unapoandika, na hakuna anayezikata.