Atomi ya Ishirini na Tatu

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na bweni namba nne la shule yetu, nautangazia ulimwengu: Desemba 1996, Sayansi Kuu iliwasili Nyakato. Iliwasili ndani ya boksi, juu ya mkokoteni wa viazi, na haikuwa na plagi.

Plagi ilionekana siku ya pili, chini ya kiti kilichokwisha kukaguliwa mara tatu. Kompyuta ikawashwa kwenye maabara ya mama yangu, Wilhelmina, ambaye kwa miaka minne alikuwa akitafuta dawa ya kichocho katika mzizi mmoja wa porini Magu. Kompyuta ingeonyesha kama molekuli ya mzizi ule inaingia kwenye protini ya mnyoo wa kichocho, kama ufunguo kwenye kufuli. Ikikataa, basi: kemikali zilizobaki zilikuwa chache mno kubahatisha nazo.

Lakini programu ilitaka amri ndefu ambazo Mama hakuzijua. Yeye huunda mifano ya molekuli kwa mikono, kwa vidonge vya udongo wa ufukweni na vijiti vya meno. Ndipo Bwana Taher, fundi wa kompyuta, akamwandikia ndani ya programu maswali ya Kiswahili: Atomi hii ni ipi? Imeshikana na ipi?

"Jibu tu, Mama Doro. Hesabu kwenye udongo wako."

Mama aliuamini udongo wake kuliko daftari. Akahesabu, akabonyeza. Kioo cha kompyuta kikajaa vipira vyekundu na vya kijani, vikizunguka taratibu. Nikasahau kupumua, mimi niliyewahi kupiga chafya za makusudi sala nzima ya asubuhi. Miaka minne ya mama yangu ilikuwa inaelea pale.

Molekuli ikasogea kwenye kufuli. Ikakwama.

Mama alivua miwani.

"Inakwama ubavuni," alisema Taher. "Atomi ya ishirini na tatu."

Mama akaiminya kwenye mfano wake. Ikabonyea. Udongo mkavu haubonyei. Akaipeleka dirishani: ilikuwa na alama za meno, na pengo katikati.

"Dorotea, hebu cheka."

"Shikamoo, Mama."

"Cheka!"

Nikacheka, pengo likatoa ushahidi.

"Ni bablishi," nikasema. "Niliiviringisha kwenye vumbi la udongo, nikaibandika pale. Nilidhani utaigundua mara moja."

Mama akaing'oa, akajibu maswali upya. Molekuli ikazunguka, ikasogea, ikazama kwenye kufuli bila kugusa kingo. Taher alisimama. Mama aliweka kiganja juu ya kioo, kama anayepima homa ya mtoto.

Nikaona afadhali nimalize kukiri.

"Mama," nikasema, "hata ile plagi ilikuwa mfukoni mwangu."