Vidonge Vinne

Raundi ya nne Odartey alipigwa ngumi ya mbavu iliyosikika hadi viti vya nyuma, na uwanja mzima wa ndondi wa Bukom ukashangilia. Ndivyo walivyo watu wa Bukom, kiingilio chao wanalipia kuona damu. Lakini mzee Tetteh, babake na mkufunzi wake, hakutazama mbavu. Alitazama mashavu ya miguu ya mwanawe. Yalikuwa yakirukaruka yenyewe chini ya ngozi, kama chura mfukoni.

Alijua kwa nini. Jana, siku ya kupimwa uzito, Odartey aliamka amezidi kilo mbili. Tetteh akasaga vidonge vinne vya kukojoza, vile wanavyopewa wagonjwa wa moyo waliovimba miguu, akavikoroga kwenye chai na kumwambia mwanawe ni mizizi. Kijana alikojoa hadi akaona haya. Akapita kwenye mizani, akamshukuru Mungu. Sasa, figo likishalazimishwa kuachia chumvi, maji huifuata, na potasiamu nayo hutokea mlango huohuo. Potasiamu ikipungua, misuli hukaza, na moyo nao ni msuli. Muuza dawa alimwonya yote hayo. "Wewe uza dawa," Tetteh alimjibu, "ngumi niachie mimi."

Kengele ikalia. Odartey akajibwaga kwenye kigoda.

"Baba, miguu imekaza."

"Woga huo. Mwenzio amechoka kuliko wewe."

Mtu mzima na mvi zake, wallahi.

Raundi ya tano mpinzani wake, Quaye, alimpasua jicho, akampasua mdomo, kisha akambana kwenye kamba akawa anamtwanga kama muhogo kinuni. Mikono ya Odartey haikuinuka tena. Tetteh alishika taulo ya kusalimu amri. Akiitupa ataulizwa sababu. Basi akangoja mwanawe aanguke mwenyewe. Na mwanawe, mkaidi mtoto wa mkaidi, akakataa kuanguka. Zilimwingia ngumi kumi na tatu ndipo taulo ikaruka.

Odartey aliiona. Akajikokota hadi kwenye kona yake, akakusanya nguvu za mwisho, akamtandika babake ngumi ya taya kwa kumkatizia pambano, meno mawili yakaanguka sakafuni. Halafu macho yakamgeuka Odartey, naye akaanguka juu ya babake.

Ndani ya gari la wagonjwa, daktari alitazama mashine ya moyo akakunja uso. "Amekunywa dawa gani? Moyo unaruka mapigo. Nisipojua nitahangaika na vidonda, na vidonda sivyo vinavyomuua."

Mama yake Odartey, Korkoi, alikuwa amekishika kichwa cha mwanawe. "Hajanywa kitu, daktari. Mwanangu hata panadol hanywi. Muulize babake."

Wakamtazama Tetteh. Taya ilikuwa imevunjika. Angenyamaza, wangedhani ni maumivu. Na alinyamaza, aibu kwake, hadi mashine ilipokosa pigo jingine. Ndipo akaishika taya kwa mikono miwili.

"Vidonge vya kukojoza. Vinne. Mimi nilimpa. Yeye hajui."

Daktari akapiga simu hospitali waandae potasiamu ya kutia mshipani, akamwambia dereva aongeze mwendo. Korkoi hakulia wala hakutukana.

"Endelea kuishika hiyo taya," alimwambia mumewe. "Akiamka, utamwambia mwenyewe."