Bega Lililonyamaza

Kondoo namba saba alichechemea wiki tatu. Wiki ya nne akatembea vizuri, nikamshukuru Mungu mbele ya wenzangu.

Nafagia na kulisha kondoo katika kituo cha utafiti huku Nyakiriba. Kila mmoja, akiwa amelazwa kwa dawa, alikatwa ukano wa bega, ile kamba nyeupe inayoshika msuli kwenye mfupa. Madaktari wanataka kujua msuli unapatwa na nini ukano usiposhonwa mapema. Daktari Diane hupasha mikono yake moto kabla ya kuwagusa.

Mwanangu Faradji, mpakiaji wa malori Mbugangari, alikatika ukano kama huo alipodaka gunia la viazi. Hospitali ikampangia siku ya kushonwa. Kisha maumivu yakapungua, akaniambia, "Mama, bega limenyamaza."

Sisi ugonjwa ukinyamaza tunasema umepona. Nikamsimulia namba saba, kwamba hata mnyama amepona bila uzi. Akaacha siku yake ipite.

Jumatatu moja Diane alituonyesha picha ya bega la namba saba. Msuli ulikuwa na michirizi myeupe, kama ile nyama inayogombewa buchani. Nikasema amenona. Diane hakucheka. Alinivutia kiti, akaeleza kwamba msuli usiovutwa hunywea, mafuta yakaingia mahali pake, na hata ukishonwa baadaye hayatoki. Namba saba hakupona. Amejifunza kutembea bila ule msuli. Nikauliza kuhusu binadamu. Akasema kondoo si mtu, lakini yeye asingengoja.

Nilijaza maji birika lile lile la kondoo mara mbili. Nikaomba ruhusa, nikapanda pikipiki. Dereva aliposimama kununua mafuta nilishindwa kungoja, nikashuka, nikamaliza njia kwa miguu.

Faradji alikuwa anakunywa chai na Sulaiman, mpakiaji mwenzake. Nikamwambia arudi hospitali.

"We si ndo uliniambia iko sawa?"

"Ni mi. Nilikosea."

"Donc, sasa nifuate daktari ya kondoo?"

Sulaiman akasema labda watamunyoa pia.

Nikamwomba Faradji anipe kofia yake iliyotundikwa msumarini, kwa mkono wa bega lile. Akainamisha mwili, bega likapanda hadi sikioni, lakini kiganja hakikupita kifua. Akajaribu tena. Sulaiman akaweka kikombe chini.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema.

"Twende kesho."

"Leo."

Hospitalini nafasi yake ilikuwa imepewa mwingine. Tarehe mpya ilikuwa wiki sita mbele. Tangu siku hiyo nimepita kwenye dirisha la hospitali kila asubuhi kabla ya kazi, nikiuliza kama kuna aliyekosa kuja. Karani Mukarugwiza hajawahi kunikunjia uso. Jana, kabla sijafungua mdomo, alinigeuzia daftari nione: Faradji, Alhamisi.

Daktari wa upasuaji hakutuahidi nguvu zote. Alisema atashona kilichobaki. Leo ni Jumanne, nami nimeshafua shati lake mara mbili.